Uzi: Kupima uchezaji wa video ndani ya kivinjari, na kwa nini fremu zilizodondoshwa hazitoshi kuwa ushahidi

Mwalimu wa Mkomani

Assalamu alaykum, wanabaraza.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaoweka video kwenye kurasa zao wenyewe, ziwe ni darsa, Maulidi ya Riyadha, mashindano ya majahazi au masomo ya shule. Hapa Amu (Lamu) kazi hii imekuwa kubwa, kwa kuwa jamaa zetu wametawanyika Mombasa, Ghuba na Ulaya, na wote wanataka kuona yanayoendelea nyumbani. Malalamiko hayaishi kwamba video ni mbovu, lakini anayelalamika hasemi ubovu huo ni wa namna gani, na mwenye ukurasa hana namba yoyote ya kumwonyesha fundi. Namba hiyo inapatikana ndani ya kivinjari chenyewe, bila kununua chombo, na sharti lake ni kujua tu unauliza nini.

Video yoyote iliyopachikwa kwenye ukurasa wa wavuti huweza kuulizwa hali yake kwa amri ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa, iitwayo getVideoPlaybackQuality. Amri hii ilianza ndani ya rasimu za Media Source Extensions (kanuni ya kuilisha video vipande kwa JavaScript) kule W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, kisha ikatengwa ikawa na waraka wake. Kabla ya hapo kila ukoo wa vivinjari ulikuwa na njia yake: Firefox ilihesabu kwa mozDecodedFrames na mozPaintedFrames, na wale wa WebKit (injini ya Safari na wenzake) walikuwa na webkitDecodedFrameCount na webkitDroppedFrameCount. Majina hayo bado mtayakuta kwenye programu za zamani, na si vyema kujenga kitu kipya juu yake.

Jibu la amri hiyo lina mambo matatu ya kushika. La kwanza ni creationTime, yaani wakati ambapo jibu lilitolewa. La pili ni totalVideoFrames, idadi ya fremu zote (picha moja moja zinazounda video) zilizoonyeshwa pamoja na zile ambazo zilipaswa kuonyeshwa zikadondoshwa. La tatu ni droppedVideoFrames, fremu zilizotupwa ama kabla ya kusimbuliwa (kufunguliwa kutoka data iliyobanwa kuwa picha) au baada ya kusimbuliwa kwa kuwa zilichelewa kufika kwenye kioo. Kuna pia corruptedVideoFrames, lakini hiyo imekwisha kuachwa na haifai kutegemewa.

Wengi huishia hapo. Hugawanya zilizodondoshwa kwa jumla, wakapata asilimia ndogo, wakatangaza kwamba video yao ni nzima. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kwa muda mrefu, kwa sababu hesabu hiyo inajibu swali moja tu, nalo ni kama simu ya mtazamaji iliweza kusimbua na kuchora picha kwa kasi iliyotakiwa. Haisemi lolote kuhusu mtandao. Data inapokosekana, kivinjari hakina fremu ya kudondosha. Kinasimama, duara linazunguka, na hesabu zote mbili zinasimama pamoja nacho. Tuseme video ni ya dakika 10 yenye fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 15,000, na mtazamaji akakwama kwa jumla ya dakika 3 akisubiri. Ametumia dakika 13 kutazama dakika 10, karibu asilimia 23 ya muda wake imepotea mbele ya duara, na bado droppedVideoFrames inaweza kusoma sifuri kamili. Ukimpelekea mtu huyo sifuri hiyo kuwa ndio ubora wa video yako, utakuwa umemdhulumu.

Kwa hiyo kukwama kunapimwa kwa njia nyingine, nayo ni matukio ya video yenyewe, yaani taarifa inazozitoa hali yake inapobadilika. Tukio la waiting hutokea uchezaji unaposimama kwa kukosa data, na playing hutokea unapoendelea tena. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo urefu wa mkwamo. Muda wote wa mikwamo ukigawanywa kwa muda wote wa kutazama, pamoja na mikwamo yenyewe, unakupa uwiano wa kukwama, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba ya kwanza ambayo mtu yeyote wa pwani hii anapaswa kuiweka ukutani. Ziko tahadhari. Mtazamaji akisogeza video mbele kwa kidole, waiting hutokea pia, na mkwamo huo ameutaka mwenyewe, kwa hiyo uandikwe mahali pake ukitambuliwa kwa tukio la seeking. Subira ya mwanzo, kabla ya picha ya kwanza, nayo ihesabiwe peke yake. Na lile tukio la stalled lisikupoteze: linasema kwamba upakuaji umenyamaza kwa kiasi cha sekunde 3, lakini mtazamaji mwenye akiba ya kutosha ya data iliyokwisha pakuliwa huenda hakuona chochote.

Ni vizuri pia kuwa na shahidi wa pili. Kila robo ya sekunde soma currentTime ya video, yaani mahali ilipofika, na uilinganishe na saa ya kivinjari, performance.now. Ikiwa video haijasitishwa, haijaisha, na saa inatembea huku currentTime imeganda, huo ni mkwamo hata kama hakuna tukio lililotangazwa.

Subira ya mwanzo ina uzito wake. Mwaka 2012 Krishnan na Sitaraman walichapisha utafiti juu ya watazamaji wa video zilizosambazwa na Akamai, kampuni ya kusambaza data za wavuti, wakiwa na kumbukumbu za utazamaji milioni 23. Walikuta kwamba watu huanza kuondoka subira inapopita sekunde 2, na kwamba kila sekunde inayoongezeka huongeza wanaoondoka kwa asilimia 5.8. Walikuta vilevile kwamba mtu aliyekwama kwa muda unaofikia asilimia 1 ya urefu wa video alitazama kiasi cha asilimia 5 pungufu kuliko mwenzake ambaye hakukwama.

Kwa sisi wa nyumba za mawe jambo hili si nadharia. Simu iliyokuwa ikicheza vizuri barazani kwenye daka, ukiingia nayo ndani, kuta nene za matumbawe zinaukata mtandao, na mtu yule yule, kwa simu ile ile na video ile ile, anapata uwiano mwingine kabisa. Fremu zilizodondoshwa hazitakuonyesha tofauti hiyo. Mikwamo itakuonyesha.

Binti Langoni

Wa alaykum salaam, Mwalimu, na shukrani kwa maelezo.

Mimi nina ukurasa wa kufundisha ushonaji wa kofia kwa mkono, na wanafunzi wangu wengi wanatazama kwa simu za bei nafuu. Wanachoniambia ni kwamba sindano "inaruka": wanaiona imeingia kitambaani, kisha wanaiona imekwisha toka, na ile njia ya katikati hawakuiona. Duara la kusubiri hawalioni kabisa. Nikifuata hesabu yako, mikwamo yao itakuwa sifuri, na huku somo limeharibika. Je, kwa mtu kama mimi si kweli kwamba fremu zilizodondoshwa ndizo za kushika?

Mwalimu wa Mkomani

Ni kweli, binti yangu, na umeleta upande ambao nilikuwa sijaufikia. Sheikh anayesoma darsa ameketi. Fremu kumi zikipotea hakuna atakayejua. Sindano inapita kitambaani kwa sehemu ya sekunde, na kwa fremu 25 kila sekunde, kila fremu inashika sekunde 0.04 tu. Zikipotea tano mfululizo, ile hatua uliyokuwa ukiifundisha imepotea. Kwa video zako hesabu hiyo ina thamani kubwa, lakini usiichukue jumla mwishoni. Ichukue kwa tofauti.

Maana yake ni hii. Hesabu za getVideoPlaybackQuality ni za kulimbikiza tangu video ilipopakiwa. Zisome kila baada ya sekunde 5, utoe ya mwanzo kwenye ya baadaye, na uandike uwiano wa kipindi hicho peke yake. Chukua tena video ya fremu 15,000. Simu imecheza dakika 8 za kwanza, fremu 12,000, bila kudondosha hata moja; kisha ikapata joto juani, chipu ikapunguza kasi ili isiungue, na katika dakika 2 za mwisho zikadondoka 600 kati ya 3,000. Ukisoma mwishoni utaona asilimia 4 na utasema si neno. Ukisoma kwa vipindi utaona kwamba mwanafunzi alimaliza somo akipoteza fremu moja kati ya kila tano, na kwamba tatizo lilianza dakika ya nane. Kwa joto letu hili, na simu zenye mifuniko ya mpira, mchoro wa namna hiyo hautakuwa nadra.

Ipo pia njia yenye macho makali zaidi, requestVideoFrameCallback, iliyoanza kwenye Chrome toleo la 83 mwaka 2020, ikaingia Safari 15.4, na mwishowe Firefox 132 mwaka 2024. Hii hukuita kila fremu mpya inapopelekwa kwenye kioo, na hukupa mediaTime, ambao ni wakati wa fremu hiyo ndani ya video, pamoja na presentedFrames, idadi ya zilizopelekwa mpaka hapo. Kwa hiyo unaweza kujua ni sekunde gani hasa ya somo iliyoruka, jambo ambalo hesabu ya jumla haiwezi kukupa. Angalizo langu ni kwamba wito huo hupita kwenye foleni ile ile inayoendesha ukurasa mzima. Ukurasa wako ukiwa na kazi nzito, wito utakosekana ingawa fremu ilionyeshwa. PresentedFrames ikiongezeka kwa 2 badala ya 1, ujue wewe ndiye uliyechelewa, wala si fremu iliyodondoka. Njia hii pia ndiyo bora ya kupima picha ya kwanza: anza saa mtazamaji anapobonyeza, uisimamishe wito wa kwanza unapokuja.

Mvuvi wa Malindi

Salamu kutoka Malindi. Nimesoma yote kwa makini, na nina pingamizi kidogo, Mwalimu, uniwie radhi. Mnahesabu fremu na mikwamo, lakini hakuna aliyegusa sura ya picha yenyewe. Video inaweza kuanza haraka, isikwame, isidondoshe hata fremu moja, na bado ikawa ukungu mtupu kwa sababu programu ya kuchezea imeshuka mpaka ngazi ya 240 (nakala ya video yenye mistari 240 tu ya picha). Mtazamaji wa mashindano ya majahazi hawezi kusoma namba ya tanga. Kwa nini tusitumie VMAF, kipimo cha ubora wa picha ambacho Netflix walikiweka wazi mwaka 2016, tupate alama moja kati ya 0 na 100, na mjadala ukaisha?

Mwalimu wa Mkomani

Pingamizi lako ni la haki, ndugu yangu, isipokuwa dawa uliyoitaja haikai mahali hapa. VMAF, kama SSIM ya mwaka 2004 iliyoitangulia, hulinganisha picha iliyobanwa na picha asilia, fremu kwa fremu. Simu ya mtazamaji haina picha asilia. Ingekuwa nayo, ingeicheza hiyo. VMAF itumie nyumbani, unapoandaa ngazi zako kabla ya kuzipakia kwenye seva, ili ujue kwamba ngazi ya 480 ya mashindano, yenye maji na mawimbi mengi, inahitaji data zaidi kuliko ngazi ya 480 ya mtu aliyeketi akizungumza. Ndani ya kivinjari kinachokufaa ni videoHeight, yaani urefu wa picha inayochezwa, pamoja na tukio la resize ambalo video hulitoa kila ukubwa wa picha unapobadilika. Andika sekunde zilizotumika katika kila ngazi. Kisha ukijua alama ya VMAF ya kila ngazi kutoka nyumbani, unaweza kuizidisha kwa sekunde hizo, ujumlishe, ugawanye kwa sekunde zote, ukapata makadirio ya kile alichokiona mtazamaji.

Andika pia idadi ya mabadiliko yenyewe. Picha inayopanda na kushuka kila mara humchosha mtazamaji, na kwa vipande vya sekunde 6, urefu ambao Apple hupendekeza kwa HLS (njia yake ya kutuma video kwa vipande), programu ina nafasi ya kubadilisha mawazo mara 10 kwa dakika.

Kuhusu alama moja, ipo kanuni ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, iitwayo P.1203 inayojumuisha picha, sauti na mikwamo ikatoa alama kati ya 1 na 5. Ni kazi ya heshima, na anayetaka kulinganisha huduma mbili kubwa atanufaika nayo. Kwa ukurasa wa mtu mmoja nashauri kuziacha namba zikae mbali mbali. Alama ikishuka kutoka 4 hadi 3, bado hujui kama uinunue seva, ubadilishe kodeki (namna ya kubana video) au upunguze ngazi. Subira ya mwanzo, uwiano wa kukwama, fremu zilizodondoshwa kwa kipindi, na sekunde za kila ngazi: kila moja ina mlango wake wa kugongwa.

Nikiwa hapo, niseme na gharama. Ngazi inayotumia megabiti 2.5 kwa sekunde hula megabaiti 1,125 kwa saa, na ya megabiti 1 hula 450. Mtazamaji anayenunua bando kwa siku hawezi kuiona ya kwanza kuwa ubora kwa sababu tu picha yake ni kali. Mimi huandika idadi ya megabaiti kando ya kila namba nyingine, na ningependa kila mtu afanye hivyo.

Fundi wa Shela

Mwalimu, naongezea ya kiufundi machache, maana mtu akianza kukusanya namba hizi bila kuyajua atafikia uamuzi usio sahihi.

Ukurasa ukifichwa, aidha mtu amehamia kichupo kingine au amezima kioo, kivinjari huweza kuacha kuchora picha, na vipima muda hupunguzwa kasi. Wasikilizaji wa darsa hufanya hivyo daima. Wanaweka simu mfukoni na kusikiliza. Kwa hiyo sikiliza tukio la visibilitychange, na vipindi vyote vya kufichwa usivitie katika hesabu ya fremu. Sauti yao, hata hivyo, inaweza kukwama, na mkwamo huo ni wa kweli.

La pili, si kila kivinjari husema ukweli, na kinaweza kuwa na sababu njema. Firefox ikiwashwa kinga yake dhidi ya kutambuliwa kwa alama za kifaa, na Tor Browser pamoja nayo, hutoa hesabu za fremu zilizotungwa, ili tovuti isiweze kumfahamu mtu kwa udhaifu wa simu yake. Ukiona kundi la watazamaji wenye uwiano usiobadilika hata kidogo, kifaa hadi kifaa, waondoe kwenye jedwali la fremu na uwaache kwenye jedwali la mikwamo.

La tatu ni iPhone. Isipokuwa mahali pachache kama Umoja wa Ulaya, ambako injini nyingine zinaruhusiwa, vivinjari vya simu hiyo vinatumia injini ya WebKit, hata kikiitwa Chrome, na Media Source Extensions ya kawaida haimo; iOS 17.1 ilileta ManagedMediaSource badala yake. Mara nyingi HLS huchezwa na mfumo wenyewe, na programu yako haiamui ngazi. Usilinganishe mtazamaji huyo na mwenye Android kana kwamba wamepitia njia moja.

Binti Langoni

Nauliza swali la upande mwingine. Namba hizi zinafikaje kwangu bila kumla mwanafunzi bando lake, na bila mimi kujua mambo yake yasiyonihusu?

Fundi wa Shela

Dada, zilimbikize ndani ya ukurasa, kisha uzitume mara moja kwa navigator.sendBeacon ukurasa unapofichwa. Kikomo chake ni kilobaiti 64, nawe hutakaribia hapo. Muhtasari wa somo zima unakaa katika kilobaiti chache. Usingoje tukio la kufungwa kwa ukurasa, kwa sababu simu nyingi huua kivinjari bila kulitangaza. Na kuhusu siri za watu, usichukue jina wala namba ya simu wala mahali alipo. Chukua aina ya kivinjari, ukubwa wa kioo na namba za uchezaji. Mwambie mtazamaji kwamba unapima, umwache akatae akitaka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria hiyo ni adabu ya kawaida.

Mwalimu wa Mkomani

Naunga mkono yote. Nazidishia kwamba zikishafika, wastani usitawale. Watazamaji tisa wasiokwama kabisa na mmoja aliyekwama nusu ya muda wake wanatoa wastani wa asilimia 5, na hakuna hata mmoja kati ya kumi hao aliyepata asilimia 5. Panga uwiano wote kutoka mdogo hadi mkubwa, uangalie wa katikati, kisha uwaangalie wale wa mwisho kabisa na uwatenge kwa aina ya simu na kwa saa za siku. Mikwamo ikiongezeka baada ya isha pekee, hiyo ni njia ya mtandao iliyojaa. Fremu zikidondoka kwa aina mbili tatu za simu mchana na usiku, hizo ni simu.

Binti Langoni

Nimefanya mlivyonielekeza. Mikwamo kwangu ni michache sana. Fremu zinadondoka kwa wingi kwenye simu zilizopandishwa hadi ngazi ya 1080 yenye fremu 60 kwa sekunde, ambayo niliiweka nikidhani nawafanyia wema, kwa ajili ya ile sindano. Kwenye ngazi ya 720 yenye fremu 30 simu zile zile zinatulia. Je, niifute ile ya juu, au kuna njia ya kuwabagua kabla hawajaanza?

Mwalimu wa Mkomani

Usiifute; wenye simu imara wananufaika nayo. Kabla video haijaanza, uliza navigator.mediaCapabilities.decodingInfo, ukiitajia kodeki, upana, urefu, kiwango cha data na fremu kwa sekunde. Itajibu mambo matatu: supported, kama simu inaweza kuicheza, smooth, kama itaicheza bila kuruka, na powerEfficient, kama itaicheza bila kumaliza betri. Smooth ikiwa si kweli, zuia programu isipande ngazi hiyo kwa mtu huyo.

Lakini jibu hilo lisichukuliwe kuwa la mwisho. Chrome hulijenga kwa kumbukumbu za video zilizowahi kuchezwa kwenye simu hiyo hiyo, na pasipo kumbukumbu huelekea kujibu kwa matumaini. Kwa mwanafunzi mpya mwenye simu mpya, smooth inaweza kuwa kweli leo na uongo wiki ijayo. Kwa hiyo katika nusu dakika ya mwanzo soma droppedVideoFrames kwa vipindi, kama tulivyosema juu, na vipindi viwili mfululizo vikizidi asilimia 5, mshushe hadi 720 yenye fremu 30 na usimpandishe tena katika somo hilo. Asilimia hiyo ni ya kuanzia tu. Anza nayo, kisha uirekebishe kwa kuwauliza wanafunzi wako kama sasa wanaiona njia yote ya sindano.